Fundi Aliyekataa Kutia Saini

Jumanne tulimzika fundi mmoja wa ndege kule Nyegezi, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Wasomaji wangu mmenizoea kwa utani; leo mnisamehe, sina. Tulifahamiana kwenye kivuko cha Kamanga, nilipomuuliza, kwa kupoteza muda tu, ndege inainuaje pua. Akanyoosha mkono kwenye upepo, vidole vikielekea nyuma. "Kiganja ndicho bawa dogo la mkiani," akasema. "Vidole ni kibawa chenye bawaba." Akainua vidole, upepo ukaushusha mkono, mkia ukishuka, pua inapanda. Rubani akivuta usukani, vidole huitika papo hapo. Lakini hawezi kuvuta safari nzima, atachoka. Ndipo mota huzungusha skrubu ndefu na kuinamisha kiganja chote, mpaka vidole vinyooke na rubani apumzike. "Skrubu ikilika, kiganja kikakwama vibaya, vidole havina ubavu wa kukishinda," akaniambia.

Skrubu hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka hii ya soko huria viwanda vya minofu ya sangara vimeota kandokando ya ziwa, na ndege za mizigo zinakimbizana kuiwahisha Ulaya. Kampuni moja ya watu binafsi ilimwajiri. Asubuhi moja akakuta skrubu ya mkiani imelika, akakataa kutia saini ya kuiruhusu ndege iruke. Meneja akamjia juu: "Mzee, samaki wanaoza." Akamjibu: "Acha waoze hapa chini." Akafukuzwa kabla ya saa sita. Siku ya tatu ndege ikaruka kwa saini ya msaidizi wake, ikarudi salama, ikaruka tena. Watu wakamcheka, nami nikiwa mstari wa mbele. Kila nilipopita kwenye kibanda alichofungua cha kutengeneza baiskeli nilimwonyesha angani: "Fundi, ile yako hiyo." Mwanzoni alicheka pamoja nami. Mwezi uliopita hakucheka. Alifuta mikono, akaniuliza, "Mwandishi, au niliona vibaya?" Nikampiga bega, nikaenda zangu.

Msibani, yule msaidizi wake alikuja kuketi kando yangu. Akaniamkia, nikaitikia. "Rubani aliposikia mzee amekataa, naye akagoma kuruka," akasema. "Tukangoja skrubu mpya siku mbili. Ile ya zamani tulipoitoa, meno yalikuwa yamekwisha kabisa. Meneja akasema atakayetoa maneno nje atafukuzwa kama mzee." Nikamuuliza kama alimwambia mzee mwenyewe. "Niliogopea kazi yangu. Nikawa nasema nitamwambia tu siku moja."

Kumbe ndege niliyokuwa nikimchekea ilikuwa inaruka kwa sababu yake. Inaniuma, na sijui niupeleke wapi uchungu huu. Siku hizi tunamsifu anayefikisha mzigo sokoni. Aliyezuia balaa hana cha kuonyesha, maana balaa lenyewe halikutokea. Wanaojua wasiposema, anakufa akijitilia shaka. Msomaji wangu, mtu akikuuliza kama alikosea, inuka ukamtafutie jibu siku hiyohiyo. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na uwanja wa ndege ulikuwa safari ya saa moja tu. Sikwenda.