Mzee wa Vibanio

Mgeni alishuka kwenye teksi na ndege yake ya rimoti begani, akauliza pa kurushia. Wanachama wa klabu ya ndege wakamwelekeza kwanza kwa mzee wa vibanio. Alikuwa ameketi ukingoni mwa uwanja, nyuma yake ubao uliojaa vibanio vya nguo, kila kimoja na namba yake ya masafa ya redio. Zamani, kabla ya rimoti za kisasa, mbili zikiwashwa kwenye masafa yaleyale, ndege zilianguka. Ndiyo maana asiye na kibanio hakuwasha kitu. Mzee alichomoa kibanio kimoja, akakifuta kwa kidole gumba, kama afanyavyo kwa kila mtu, akauliza polepole, "Masafa gani, mwanangu?"

"Yangu hujichagulia yenyewe, mzee. Ni ya kisasa."

"Za wote hujichagulia. Wewe ni wa tisa kuniambia hivyo leo."

Mgeni aliona haya, akakipokea, akakibana kwenye mfuko wa shati.

"Mgeni, usimdekeze mzee huyo!" mwenyekiti wa klabu akapaza sauti kutoka kwenye kundi. "Kesho ubao tunaung'oa, tunaweka mashine ya kahawa!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee hakugeuka. Alikibandua kibanio kifuani mwa mgeni, taratibu, asimvute shati.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "hakuna ndege iliyoanguka kwa kosa langu. Waulize."

Mgeni hakumuuliza mtu. Mzee akavichomoa vibanio kimoja kimoja, akavitia mifukoni, akashika njia. Mgeni akabaki. Akawasha rimoti yake bila kuomba ruhusa kwa yeyote, nayo ikapata masafa papo hapo.