Lori Lililonuka Mawese Sokoni Sake

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningeingia mwenyewe na kujifukia. Nawasimulia kwa sababu mtaisikia tu kwa watu wa Sake, na wao huongeza chumvi, basi bora muisikie kwangu mimi mwenye aibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako, nami nilikuwa nimetoka kwetu Walikale kwenda kujifunza ufundi katika shule ya misheni huko juu milimani Masisi, kwenye baridi ya kutetemesha meno. Mwaka wa kwanza tulifundishwa wote pamoja, kisha mwalimu wetu, Papa Leonari, angechagua nani aendelee na magari na nani apelekwe kwa mafundi wa matofali. Mimi nilitaka magari hadi nikawa naota nimelala chini ya lori (na ilikuwa ndoto tamu!), na nilijua kwamba nikitupwa kwenye matofali nitarudi msituni bila hata kuaga.

Jioni moja Papa Leonari akaniambia nimwage mafuta machafu ya injini ya lori la shule niweke mapya, maana asubuhi tulikuwa tunapeleka maharagi hospitalini Kirotshe, na tukirudi angetaja majina. Nikamwaga. Yale machafu nikayapaka kwenye miti ya uzio isiliwe na mchwa, kama tulivyozoea, halafu nikaenda kwenye pipa la mafuta mapya, nikalikuta kavu kabisa. Mtu mwenye akili angekwenda kusema pipa ni tupu, lakini mimi nikajiambia ataniona sijiwezi. Sasa, chini ya kitanda changu kulikuwa na damijani, ile chupa kubwa, ya mawese, mama alinitumia nisife na maharagi makavu ya shule, na kwetu Walikale (msinicheke) mawese hayashindwi na kitu, tunampaka mtoto, tunapaka mtego, tunapaka mnyororo wa baiskeli, na vyote vinateleza vizuri, injini nayo si chuma tu? Nikayapasha moto jikoni, nikamimina, na kwa kuwa kwetu hatumlishi mgeni kidogo, nikajaza mpaka shingoni.

Asubuhi injini ikakataa kuzunguka. Rafiki yangu Bahati, mwenyeji wa Masisi, alining'inia kwenye ule mkono wa chuma wa kuwashia mpaka miguu yake ikaacha ardhi.

"Baridi tu," akasema Papa Leonari. "Musukume!"

Tukalisukuma kwenye mteremko, likakohoa, likawaka, nami nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Lakini kadiri tulivyoshuka injini ilizidi kupata moto, na Bahati, tuliyekaa naye juu ya magunia, akanusa hewa, akanusa tena.

"Andereya, miye niko nasikia njala ghafula. Weye husikii harufu?"

Nilisikia. Nikageuza uso nikatazama milima.

Tuliingia Sake siku ya soko, mawese yakifurika na kudondoka kwenye bomba la moto, moshi mweupe nyuma yetu, harufu ya kukaanga jikoni, na lori likazimika katikati kabisa, kati ya mihogo na samaki.

"Bamama, nani iko anakaanga ndizi?" akauliza muuza mihogo mmoja.

"Ni ile kamyo!" akajibu mwenzake, akilionyesha lori letu.

Papa Leonari akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Chekundu. Akakinusa, akatia kidole, akalamba (mbele ya soko zima, akalamba!), kisha akanigeukia.

"Hii mafuta ulitosha wapi?"

"Kwetu, Papa. Ya mama."

"Na chumvi uliweka?"

Soko likapasuka kwa vicheko. Bahati akashika kichwa: "Kaka, mawese inagandaka mu baridi! Kwetu kila asubuyi tunaichota na kijiko!" Kumbe kila jiko la Masisi lilijua hilo, isipokuwa fundi mimi.

Papa Leonari hakunipigia kelele. Alihamishia maharagi kwenye lori la mchuuzi aliyekuwa anapita, akanitupia funguo za kazi, zile spana, akasema, "Fungua yote." Basi nikafungua injini palepale, machozi yakinitoka, sisemi uongo, akina mama wakinishauri niongeze kitunguu. Niliosha kila chuma kwa petroli, nikachokoa mafuta kwenye vijia vyembamba ambavyo mpaka siku hiyo nilikuwa nimeviona ubaoni tu, na polepole nikaanza kuelewa mafuta yanapita wapi na kwa nini, hata nikasahau kulia. Bahati, aliyetumwa dukani, akaleta mafuta ya kweli. Nikafunga. Tukazungusha, injini ikawaka mara moja, na walewale waliokuwa wananicheka wakapiga vigelegele.

"Papa," nikauliza, "kesho niende kwa matofali?"

"Matofali ya nini?" Alikuwa anafuta mikono. "Weye njo umefungua moteri muzima, umeirudisha, na inatembea. Nikupeleke wapi tena? Lakini pipa ikiisha, ukuje uniambie."

Nilifurahi sana. Kazi hiyohiyo imenilisha maisha yangu yote, na niliapa injini haitakula tena chakula changu. Na wanafunzi ninaowafundisha sasa, kabla sijawapa ufunguo hata mmoja, nawafundisha kuja kuniambia "hakuna" bila kuogopa uso wangu.