Siku Nyanya Njeri Alipofukuza Jiko

Ile Jumamosi ya baridi ya kwanza kule Germantown, huku ughaibuni, haijanitoka, mwanangu Njeri, na kwa kuwa sasa una leseni na ufunguo wa nyumba yako, keti kidogo nikusimulie. Ulikuwa mtoto mchanga, binti wetu wa pili baada ya dada yako Wangari, na kwa desturi yetu ulipewa jina la mama yangu. Alikuwa amefika wiki hiyo kutoka Nyeri kuja kukuona.

Asubuhi hiyo mashine ya kupasha nyumba joto ilikataa kuwaka, na fundi akasema hawezi kuja hadi Jumatatu. Baba yako aliona aibu. Mwanamume wa kwetu hamwachi mama mkwe atetemeke nyumbani kwake. Akalichukua jiko la makaa alilokuwa akichomea nyama uani, akangoja makaa yaive, akaliingiza sebuleni na kuziba upenyo wa mlango kwa taulo. Sote tulikulia kando ya jiko, kwa hiyo hakuna aliyeliogopa.

Mama alimheshimu sana mkwewe. Hata chai iliyopoa, akiletewa na yeye, aliinywa na kushukuru. Mimi kichwa kilianza kuniuma, nikadhani ni uchovu wa uzazi. Kisha Mama akakutazama ulivyolala mapajani mwake. Wakati wako wa kunyonya ulikuwa umepita na hukulia. Akakugusa shavu, hukuamka.

Akasimama. "Baba Wangari, toa hilo jiko nje."

"Mama, makaa yameiva, hayana moshi. Usiwe na wasi, relax tu."

"Jikoni kwangu upepo unapita kila ukuta. Hii nyumba mmeifunga kama chupa. Huyu mtoto ni mimi, na mimi sibaki humu."

Akaipiga teke ile taulo, akafungua mlango, akatoka nawe bila viatu, akasimama juu ya majani yaliyolowa. Tukamfuata sote. Kwenye ile hewa baridi ulikunja uso, ukalia. Sijasikia sauti tamu kama ile maishani mwangu, nami nikaketi kwenye ngazi nikalia pamoja nawe.

Baba yako akawapigia simu watu wa zimamoto, wakaja wakapima hewa ya sebuleni, wakakuta imejaa sumu ya makaa isiyo na harufu, wakatukataza kurudi ndani. Mimi nawe tulipelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Baba yako alitaka kutufuata kwa kasi, lakini Mama akaketi kando yake na kumwambia majani yaliyolowa huteleza kama barabara ya kwetu wakati wa mvua, aende polepole. Mbele kidogo kulungu akakatiza barabara, na kwa mwendo ule baba yako akaweza kusimama. Hilo analisimulia mpaka leo, ingawa sehemu ya jiko huiruka.

Watu humsifu Mama kwa kujua ubaya wa makaa. Hata sisi tuliujua, tukausahau kwa sababu ya heshima. Mimi ninachomsifia ni kwamba alikubali kuonekana hana adabu mbele ya mkwewe ili wewe upumue.

Kwa hiyo majani yakianza kubadilika rangi, mwite fundi mapema aiangalie mashine yako. Weka king'ora cha hewa ya sumu karibu na chumba cha kulala, ukikijaribu kisilie, badilisha betri siku hiyo hiyo. Jiko libaki nje hata likiwa na majivu moto, na gari lisingurume ndani ya gereji. Saa zikirudishwa nyuma, kama wafanyavyo huku kila mwaka baridi ikikaribia, giza litakukuta njiani ukitoka kazini, basi washa taa, punguza mwendo penye majani, na kando ya msitu tazama kulungu, kwani wa kwanza akipita huwa kuna wa pili. Tena ukiona hatari nyumbani kwa mtu, sema, hata kama mwenyeji ni mkweo.

Mungu akupe nyumba yenye joto na safari za kufika salama, uzeeke mpaka Njeri mwingine alale mapajani mwako. Na siku hiyo ikibidi, simama kama alivyosimama aliyekupa jina.