Koili Zilizoungua Nikiwa Dukani

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Kilimanjaro kutibiwa goti, mke wangu alinipa sharti moja tu: mama asinione navuta. Sigara nilikuwa nimeshaziacha, nimehamia kwenye vepu, ile sigara ya umeme inayotoa mvuke badala ya moshi. Nikamwambia mke wangu mvuke si moshi. Akanijibu, haya, kamweleze mama.

Hilo lisingewezekana. Mimi ni mtu wa Masasi, na kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Unamsalimia umeinama, unampisha njia, huketi alipoketi. Sasa jaribu hayo kwenye flati ya vyumba viwili hapa Kariakoo, ghorofa ya nne, ambako ukitoka bafuni lazima upite mbele ya kochi alilokalia. Kila asubuhi nilipita nimekaza macho kwenye feni ya darini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hiyo feni imeharibika?"

Haikupita hata wiki akanikuta kwenye kibaraza cha kuanikia nguo, mvuke unanitoka puani. Nilijificha nyuma ya shuka lililoanikwa, lakini mvuke ukapanda juu ya kamba kunisemea nilipo. Mke wangu akatokea jikoni mbio.

"Mama, hiyo ni mashine ya kujifukizia. Kifua kinamsumbua, ameshauriwa atumie."

Nami nikakohoa kidogo, kumuunga mkono.

"Pole sana baba," alisema mama. "Mji huu una vumbi."

Kuanzia siku hiyo nikavuta kwa raha zangu, mgonjwa anayejulikana. Raha haikudumu. Koili zikaanza kuungua.

Vepu yangu ilikuwa ya kawaida: betri ndefu kama kalamu nene, yenye kitako kinachozunguka. Ukikizungusha, volti zinapanda, kutoka tatu nukta tatu hadi nne nukta nane. Juu ya betri unafunga koili, yaani kikopo kidogo chenye waya na pamba ndani. Pamba inanyonya maji yenye ladha, waya unapata moto, mvuke unatoka. Volti zikizidi, pamba inakauka kabla maji mengine hayajafika, nayo inaungua. Hapo kila ukivuta ni kama umelamba godoro lililotolewa kwenye moto.

Mimi huuza mapazia, na mapazia hushika harufu, kwa hiyo vepu sikuibeba dukani. Niliiacha kibarazani karibu na kopo la vibanio vya nguo, nikaivuta jioni tu. Jioni moja nikakutana na godoro. Nikafunga koili mpya. Siku chache baadaye, godoro tena. Nikamfuata aliyeniuzia, jamaa mwenye kibanda cha vifaa vya simu mtaa wa pili.

"Umeniuzia feki," nilimwambia hata kabla ya mambo na poa.

"Koili hizo hizo wanachukua mabosi wa Posta, braza. Hajarudi hata mmoja. Unaweka volti ngapi?"

"Tatu nukta tatu. Chini kabisa."

"Haiwezekani."

"Unaniita muongo?"

"Sijakuita. Nasema haiwezekani."

Tukabishana mpaka mpita njia mwenye mkokoteni akatuomba tumpishe, tukampisha, tukaendelea. Mwishowe akanipa masharti kama mganga. Koili mpya niiloweke kwanza, pamba ishibe. Nisivute mfululizo. Pale betri inapogusana na koili nipafute kwa spiriti. Tena niache yale maji ya nazi, ni mazito, yanachelewa kuingia kwenye pamba. Nichukue ya embe. Nikatimiza yote. Niliifuta ile betri kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Koili ikaungua.

Nikaiba rangi ya kucha ya mke wangu. Nikazungusha kitako hadi chini kabisa, nikaweka tone moja kwenye kitako na lingine kwenye betri, yakitazamana. Jioni iliyofuata nikakuta tone moja limehamia upande wa pili. Volti zilikuwa nne nukta nane.

Mke wangu hushinda kazini Posta. Mimi hushinda dukani. Jirani hana ufunguo. Nililifikia jibu, nikalikataa, nikaanza kuhesabu upya. Nilifikiria hata panya.

Wiki hiyo mvua ilinyesha vibaya, Jangwani kukajaa maji, wateja wa upande wa Magomeni wakashindwa kuvuka. Mchana nikafunga duka, nikarudi nyumbani nimelowa. Nilipofika ngazi za ghorofa ya tatu nikasikia harufu ya embe. Haukuwa msimu wa maembe.

Nikafungua mlango polepole. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, amejifunika kanga kichwani mpaka magotini, kama watu wanavyojifunika kwenye chungu cha mwarobaini. Mvuke ulitoka kila upande wa ile kanga. Ungeniuliza ningesema kuna wali unapikwa humo.

Nikarudi nyuma, nikafunga mlango bila sauti, nikashuka ngazi kadhaa. Kisha nikapanda upya nikikanyaga kwa kishindo, nikakohoa, nikaangusha funguo, nikabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

"Karibu baba!" Nilimkuta anamenya njegere, kanga i begani, uso mkavu. Chumba kizima kilikuwa na ukungu. "Leo umewahi."

"Mvua, mama."

"Mvua kweli."

Nikakaa kwenye stuli karibu na mlango. Yeye akamenya njegere. Kwa mila zetu, kumuuliza mama mkwe kama anavuta ni sawa na kumuuliza anavaa nini usiku. Lakini koili nyingine ilikuwa inateketea. Nikauelekea ukuta, nikauambia ukuta:

"Ile mashine ya kifua, mama. Kitako chake kikizungushwa sana, inaungua ndani."

Akaiweka njegere chini.

"Kisipozungushwa," mama aliujibu ukuta ule ule, "haina nguvu. Ni kama chai ya mkahawani."

Nilishindwa kujizuia, nikamtazama. Alikuwa anatabasamu.

"Mama, ile ina tumbaku ndani," nilisema kwa hofu ya kweli. "Si dawa."

"Baba, mimi nimenusa ugoro tangu binti yangu, huyo mke wako, hajazaliwa. Unadhani tumbaku siijui ikivaa nguo ya embe?"

"Lakini alikwambia ni ya kujifukizia."

"Aliniambia. Mtoto akikudanganya kwa heshima, na wewe unadanganyika kwa heshima." Akachukua njegere nyingine. "Ugoro alinitupia siku niliyofika. Anasema utaniharibia mapafu. Goti ndilo linaumwa, yeye anahangaika na mapafu."

Ndipo nilipocheka, mbele ya mama mkwe, mdomo wazi, jambo ambalo mama yangu mzazi angenifungia safari kutoka Masasi kuja kunikanya. Naye akacheka mpaka akashika goti.

Kesho yake nilikwenda sokoni, kule wanakouza tumbaku ya majani, nikamnunulia ugoro mzuri. Muuzaji aliponiuliza ni wa nani nikasema wa mkwe wangu. Akanitazama kwa huruma, nadhani alifikiri namwekea limbwata. Mama akauficha kwenye mfuko wa njegere, na vepu yangu ikapona. Koili ile ile, juma hadi juma, ladha ya embe safi.

Mke wangu alianza kushangaa mama yake anavyopiga chafya.

"Mama, umepata mafua?"

"Vumbi la mjini, mwanangu."

"Basi chukua ile mashine ya mume wangu ujifukize kidogo," alisema mke wangu, akakumbuka anachosema, akaona haya, akakimbilia jikoni kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu. Mama akanigeukia na uso wa mtu anayesali. Mimi nikainama nikafunga kamba za viatu, ingawa nilikuwa nimevaa kandambili.

Alikaa nasi hadi baada ya Pasaka, goti likapata nafuu. Katikati hapo koili moja zaidi iliungua, siku ambayo ugoro ulikuwa umeisha nami nimechelewa kupita sokoni. Jioni hiyo nilipomsalimia aliitikia kwa upole uliozidi kidogo, akanisogezea sahani ya ndizi nyama yenye mnofu mkubwa kuliko wa mtu yeyote mezani. Nikala. Mnofu ulikuwa laini sana, na sikuuliza chochote.