Kipandauso cha Mama

Nikisikia harufu ya mawese jikoni, namkumbuka mama amelala chumbani, kichwa kimefungwa kitambaa, dirisha limezibwa kwa kitenge. Kipandauso kilikuwa kinamtesa. Jirani alimwambia aache mawese, shangazi akamkataza maharage, mwingine akalaumu dagaa. Mama akaacha vyote, akabaki na chai ya rangi. Maumivu yakazidi.

Kasulu mjini, muuguzi alimpa vidonge vya madini. "Hivi vinasaidia kidogo tu, mama," alisema. "Njaa nayo inaumiza kichwa. Ule."

Jioni bibi alimpakulia ugali wa muhogo na maharage. Mama aliitazama sahani mpaka chakula kikapoa.

"Naogopa," alisema, akaisogeza kwangu. "Kula wewe, mwana wanje, mwanangu."

Nilikula, naye akinitazama kila tonge.