Mbawakawa Niliyemvumbua Kisiwani

Mimi ni mtu wa kuhoji kila kitu. Tulipokuwa tukiorodhesha mbawakawa wadogo wanaoishi chini ya majani makavu kisiwani, niliwasumbua wenzangu: chupa umeiosha? Una hakika? Chekeche langu lilipopasuka, nikaazima la Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wetu Bagamoyo, nikachekechea majani.

Kila nilipochekecha, nikapata kidudu chekundu ambacho wenzangu hawakukipata. Jioni, tuliporudi Bagamoyo, nikamwambia Dokta, msimamizi wetu, ambaye siku hiyo alikuwa anachagua wa kubaki naye kwenye mradi, kwamba wenzangu hawaangalii vizuri.

“Huyu ni mpya,” nikasema. “Hajaandikwa popote.”

“Una hakika?”

“Kabisa.”

Bi Mwanaidi akatoka na sinia. “Mwanangu, nipe chekeche langu, nina unga wa chapati.”

Akaligonga ukingo kwenye sinia, kama anavyofanya kila siku kabla ya kuchekecha. Wakadondoka wale wale, wekundu, wakaanza kutembea.

“Loo! Wadudu wa unga wamerudi tena!”

Dokta akainama juu ya sinia, akawatazama kwa utulivu, kisha akanigeukia.

“Endelea, kijana. Ulisema wanaishi wapi?”