Kaseti ya Bi Mwajuma

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu: Jumamosi alasiri, hapa Kibiti, mwalimu mmoja mgeni kutoka bara alipokuwa akioa, nami ndiye niliyepiga muziki. Lakini nianzie nyuma kidogo.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Bidhaa zilianza kuonekana madukani, redio kaseti zikafika mpaka kwetu. Mimi nilikuwa nazo mbili, nimezipanga kitandani, zinatumia betri ya gari. Humo chumbani nilijifunza kuunganisha nyimbo, moja inakwisha nyingine inaingia, msikilizaji asijue mpaka uko wapi. Nilipenda soul, ule muziki wa taratibu wa watu weusi wa Marekani, mwimbaji anaimba kama mtu anayeomba radhi. Kiingereza chao sikukijua sawasawa.

Shida ilikuwa kupata kaseti tupu za kurekodia. Jirani yetu Bi Mwajuma, msuka mikeka, aliniletea redio yake niitengeneze, na ndani mlikuwa na kaseti. Nikaijaribu. Mwanamume alikuwa anazungumza. Nikaona ni porojo tu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaingiza nyimbo zangu.

Alipokuja kuchukua redio, akaulizia kaseti.

"Utepe ulikatika, bibi. Nimeitupa."

Kisha akaniambia ile ilikuwa barua ya mwanawe Salumu, aliyekwenda kufanya kazi Lindi na kufia huko. Mama hakujua kusoma, basi mwana akatuma sauti. Nilisema pole. Sikuongeza neno.

Basi siku ya harusi, watu wameshakula pilau, nikaiweka kaseti ile. Wimbo wa mwisho ukaisha nikiwa nimeinama natafuta nyingine. Mara spika ikatoa sauti ya mwanamume: "...na mkeka nimeupata, mama. Nalalia huo huo. Wasalimie wote."

Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime!"

Bi Mwajuma alikuwa amesimama katikati ya wanawake. Sauti iliendelea kidogo, ikamwombea mama afya, kisha utepe ukafika mwisho. Hakulia. Alikuja akanyoosha mkono, nikampa kaseti, akaenda zake.

Asubuhi nilikwenda kwake. Usiniulize nililalaje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Aliendelea kusuka. Nikamweleza yote, tangu kile kitufe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kufuta, ulifuta kwa kutojua. Hilo nimeliacha. Lakini uliponiambia imekatika, mimi niliacha kuitafuta. Ungeongeza wimbo mmoja tu, mjukuu wangu, na hata yale maneno machache ningeyakosa."

Nilimwomba kaseti, nikavunja kile kipande kidogo cha plastiki pembeni ili mtu asiweze kurekodi tena juu yake, nikamrudishia. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha chai. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikomea pale barazani kwake.

Muziki sikuuacha. Nimepiga huko Ruaruke, nimepiga huko Nyamwage. Kaseti zikapita, zikaja sidii, ikaja kompyuta. Leo nina redio ya mtandaoni, soul tupu, nasikilizwa na watu nisiowaona, mwingine yuko Mtwara, mwingine Muskati. Nikikosea jina la mwimbaji, nasema hewani hapo hapo, kabla wimbo mwingine haujaanza. Vijana wananicheka: "Mzee, nani angejua?" Nawaambia, mimi ningejua.

Nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Ukiharibu cha mtu, mwambie siku ile ile. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja, hayakuja. Mwenyewe akijua mapema, huenda akaokoa kipande. Ukificha, unaharibu mara ya pili, na safari hiyo huwezi kusema hukujua. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli. Lakini mtungi ulioanguka, ukiuinua upesi, bado utakuta maji kidogo ndani.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujaalie watu wenye subira ya kukusikiliza mpaka mwisho. Amina.